Ujumbe Uliofika Turbo

Kila asubuhi Jerop alikuwa akifagia uani, akinywa chai, kisha akipitia kwa kina Kavetsa ili waende shule pamoja. Walikaa mtaa wa Langas, mjini Eldoret, nyumba zao zikitenganishwa na uzio wa mabati. Baridi ya asubuhi iliuma vidole, lakini siku za Jumatatu Jerop hakuchelewa kamwe. Siku hiyo Kavetsa huwa ametoka Turbo kwa nyanya yake, naye hakukosa kurudi na kitendawili kipya. Jumatatu moja alianza:

"Kitendawili."

"Tega."

"Ninacho. Nikikupa, bado ninacho. Ukimpa mwingine, mimi na wewe hatuna tena."

Jerop alisema moto. Kavetsa akamwuliza, ukimpa jirani kaa la moto naye akampa mwingine, nani atakosa? Jerop akajaribu wimbo, akajaribu hata homa. Walipofika langoni alishindwa, akatoa mji wa Kitale. Kavetsa akaupokea mji, lakini jibu akakataa kulitoa. Guku, ndivyo alivyomwita nyanya yake, alikuwa amemkataza. Jerop alijue mwenyewe.

Walicheka, na kicheko cha Kavetsa kilikuwa kimeanza kurudi juzijuzi tu. Mama yake, Brigid, alifariki wakati wa kupanda mahindi. Alikuwa mshonaji. Ukurasa wake wa mtandaoni ulibaki, ule aliokuwa akiutumia kuandikiana na Guku. Jioni nyingine Kavetsa aliomba simu ya baba yake, akaufungua, akasoma: Mama, umekula? Mama, mguu unaendeleaje? Kisha aliufunga polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Shuleni, Jerop ndiye aliyesifiwa katika klabu ya kompyuta. Mwalimu Zachariah alimpa kazi ya kutengeneza ukurasa ambao wanachama wangeweka insha zao. Mtu angeingia kwa barua pepe yake na neno la siri. Jerop aliandika maagizo yanayofanya kazi papo hapo, ndani ya kompyuta unayoitumia. Ukiandika neno lako la siri kwenye kisanduku, kila herufi iligeuka kidoa cheusi. Jerop aliviona vile vidoa, akaridhika.

Lakini wenzake walisahau maneno yao kila mara, nao walimsumbua yeye. Basi akaongeza agizo moja: kila neno la siri, jinsi lilivyoandikwa, litunzwe kwenye kompyuta ile ile, waziwazi, kando ya barua pepe ya mwenyewe. Mtu akisahau, Jerop amtafutie. Hakuona ubaya. Kijijini kwao Sugoi ufunguo wa ghala huning'inia kwenye msumari kando ya mlango, ili jirani akitaka gunia au jembe asisumbuke, na hajawahi mtu kupotelewa na kitu. Mwalimu alipomwuliza kama maneno ya siri yako salama, Jerop alijibu kwamba yako salama, hayaonekani.

Kavetsa hakuwa na barua pepe. Alijiandikisha kwa ile ya mama yake. Na kwa kuogopa kusahau, aliweka neno lile lile mama yake alilokuwa akitumia.

Tabby alikuwa mgeni darasani, alihamia muhula huo kutoka Moi's Bridge. Alipenda mzaha, na alitaka sana kupendwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba Kavetsa hana mama. Alasiri moja alikaa kwenye kompyuta ya klabu, akapekuapekua, akakuta maneno ya siri ya watu yamepangwa. Akalijaribu lile la Kavetsa kwenye mtandao wa kijamii, na mlango ukafunguka. Akaona jina Brigid, akadhani ni jina la Kavetsa la kanisani. Juu kabisa palikuwa na mtu anayeitwa Mama. Tabby akaandika: Mama, niko njiani nakuja. Nipikie chai.

Wakati wa kwenda nyumbani alimngoja Kavetsa langoni.

"Kumbe wewe ni Brigid na unatuficha. Haya kimbia, mama yako ameshateleka chai."

Kavetsa alisimama tu. Mkoba ukamteleza begani ukaanguka, naye hakuuokota.

Kule Turbo, Guku alikuwa akipukuchua mahindi simu ilipolia. Alisoma jina, akasoma maneno. Akateleka chai. Akajifunga leso safi, akatoka mpaka barabara ya Webuye. Mvua ilimkuta hapo. Kila gari lililosimama, aliwaangalia wanaoshuka, mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Giza lilipoingia, jirani yake Wabuge alimkuta bado amesimama, akamshika mkono akamrudisha nyumbani. Chai ilikuwa imekauka na sufuria imeungua. Usiku huo homa ikampanda.

Habari zilipomfikia Jerop, alikwenda kwa Mwalimu Zachariah kabla ya kuitwa, akamweleza agizo aliloliongeza na jinsi alivyomjibu. Mwalimu hakumkaripia. Walikaa wote wawili wakalifuta lile agizo na maneno yote yaliyokuwa yametunzwa. Kisha Jerop akaandika upya: neno likishatumwa, kisanduku kijisafishe mara moja, pasibaki kitu kwenye kompyuta. Wanachama wote walichagua maneno mapya.

Jumamosi baba yake Kavetsa, mwalimu na wasichana watatu walikwenda Turbo. Guku alikuwa kitandani, blanketi mpaka kidevuni, akikohoa. Tabby alipiga magoti, akaomba msamaha kwa sauti iliyokatikakatika, akisema hakujua. Guku alimwekea mkono kichwani.

"Guku, Tabby alikuta mlango wazi," Jerop alisema. "Aliyeuacha wazi ni mimi."

Guku alielekeza macho dirishani.

"Nilijua amekufa," alisema. "Kaburi si lile pale, nyuma ya mahindi? Nilijua. Lakini miguu iliondoka, nami nikaifuata."

Nje kuku walikuwa wakiparua udongo.

"Ni siri," Jerop akasema.

"Nini, mjukuu wangu?"

"Kile kitendawili. Ninacho, nikikupa bado ninacho."

Guku alimtazama. "Ndiyo, ni siri. Nami nilitaka mcheke nacho tu."

Mwalimu Zachariah akavuta kigoda karibu na wasichana. "Vile vidoa vinamzuia aliye nyuma yako asisome. Havizuii maagizo uliyoandika wewe mwenyewe. Neno la siri la mtu likipita mikononi mwako, lipitishe, usilishike. Akisahau, achague jipya. Na ukiulizwa kama kitu ni salama, nawe hujakikagua, sema hujakikagua. Tabby, mlango ulio wazi si ruhusa ya kuingia. Kavetsa, kila mlango na ufunguo wake: usitumie neno moja kwa kurasa mbili."

Ulibaki ukurasa wa Brigid. Kavetsa aliufungua kwenye simu ya baba yake, akauliza kama aufute ule ujumbe wa Tabby.

"Ufute," Guku alisema. "Si wake. Yale mengine yaache."

Kavetsa akaufuta, akaketi kitandani, na Guku akamnong'oneza sikioni neno jipya la siri la ukurasa ule. Baba, mwalimu na Tabby walitoka nje. Jerop, aliyekuwa mbali na mlango, aligeuka akautazama ukuta, bila kuambiwa. Kwenye msumari uliokuwa mbele yake kulining'inia utepe wa njano wa Brigid wa kupimia nguo. Aliutazama utepe ule, akisikia kidole cha Kavetsa kikigonga herufi moja moja, mpaka Guku aliposema, "Sasa geuka, mjukuu wangu. Tumeshafunga."