Fyuzi ya Gari la Mama Azizi

Kila siku akitoka shule, Hilda alibadili sare, akala, kisha akaenda gereji ya mama yake pale mtaa wa Bombambili. Mama yake, Suzana, alikuwa fundi umeme wa magari, na Hilda, mwenye miaka kumi na mitatu, alijua kuchuna waya na kukaza nati kuliko watu wazima wengi. Lakini tangu walipomzika baba yake mwezi wa tatu, alifanya kila kitu kama mtu aliyekufa ganzi. Hakulia. Chakula hakikuwa na ladha. Akiulizwa jambo, alijibu ili tu aachwe.

Wiki hiyo walikuwa na Hiace ya Zabibu, mpimaji wa macho kutoka Tunduru. Alizunguka vijijini na mwanawe Azizi, wa miaka minne, wakilala humo humo garini. Alitaka betri ya pili kwa ajili ya taa na vifaa vyake, ili ile ya kuwashia injini isiishiwe chaji. Mama aliifunga chini ya kitanda cha humo garini, akavuta waya mnene hadi mbele, akamwachia Hilda kazi moja: kuweka fyuzi karibu na betri.

"Hiyo ndiyo kinga," alisema. "Waya ukigusa chuma, fyuzi inakatika kabla moto haujawaka."

Hilda alipoibana, fyuzi ilipasuka. Nyingine zilikuwa dukani, mwendo wa dakika tano. Aliitazama tu. Kisha akachukua kipande cha waya wa shaba, akakiunga mahali pake. Taa zikawaka.

"Umeweka fyuzi?" Mama aliuliza.

"Nimeweka."

Jumamosi asubuhi Zabibu aliondoka kuelekea Namtumbo. Azizi, akiwa amejilaza kitandani, alipunga mkono dirishani. Hilda naye akapunga. Hakuhisi kitu.

Saa moja baadaye, akifagia, alikuta vipande vya fyuzi. Alivishika kiganjani akawaza, kama anayesoma maneno ubaoni: mtoto amelala juu ya waya usio na fyuzi. Alisubiri hofu, haikuja. Hata hivyo alitupa ufagio, akamfuata Mama.

"Mama, nilikudanganya. Sikuweka fyuzi. Niliunga waya."

Mama hakugomba. Alimpigia Zabibu mara mbili, simu haikupatikana. Mara ya tatu Zabibu akapokea.

"Fundi, nasikia harufu ya plastiki kuungua. Nilidhani ni breki."

"Simama hapo hapo! Zima gari. Mtoe Azizi kwanza, halafu chomoa waya mweusi wa betri ya pili!"

Simu ikakatika.

Walipanda basi la kwanza la Namtumbo. Waliikuta Hiace kando ya barabara, karibu na shamba la tumbaku. Azizi alikuwa akicheza na mawe. Waya ulikuwa umesuguana na chuma cha kitanda, na godoro lilikuwa na doa jeusi kubwa kama sahani.

"Shikamoo, Mama Azizi," Hilda alisema. "Ni mimi. Fyuzi ilivunjika, nikaunga waya, nikasema nimeweka."

Zabibu aligeukia godoro. "Alikuwa amelalia hapo," alisema, akionyesha doa. "Alhamdulillahi, mlipiga simu."

Hilda alilitazama doa, na hofu aliyoisubiri asubuhi ikamjia. Mama alivuta waya mpya, kisha akampa fyuzi. "Weka wewe."

Akaiweka. Zabibu alipiga magoti, akaupapasa waya wote mwanzo hadi mwisho, ndipo akamruhusu mwanawe kupanda. Hilda alisimama akimtazama.

"Mama Azizi hatuamini tena," alinong'ona.

"Ana haki," Mama alisema. "Sikiliza, mwanangu. Najua huna nguvu. Hata mimi kuna siku nakaza nati sijui nakaza nini. Lakini mwenye gari hajui msiba wetu, anategemea neno letu tu. Siku ukishindwa, sema, 'Mama, leo siwezi.' Nitaifanya kazi hiyo mimi, wala sitakulaumu. Ila usiseme kamwe umefanya kitu ambacho hujafanya. Leo umesema kweli kabla hujaulizwa, na mtoto yu hai. Anzia hapo."