Meno ya Kwenye Nyasi

Mdogo wangu Leonsi alikuwa mjinga tangu utotoni, ila alipopata hela za dagaa wa Kirando ujinga wake ukavaa viatu vya ngozi. Ilikuwa mwaka tisini na mbili, enzi za ruksa, kila mwenye vijisenti anajiita mfanyabiashara. Jumamosi moja asubuhi tunapukuchua mahindi uani kwa mama, hapa Malangali, akashusha bati geji ishirini na nane akatangaza kwamba mama yake hawezi kulala chini ya nyasi kama kuku.

Mama yetu, Hellena, hakukataa bati. Aliomba kitu kimoja tu.

"Mwanangu, niachie japo konzi moja ya nyasi pale juu ya mlango. Meno yetu yamo humo."

Kila mtoto wa nyumba ile, tangu enzi za babu, jino likidondoka alilirusha juu ya paa na kumwambia panya achukue hilo amletee jipya. Leonsi naye alirusha yake, na akaletewa. Siku hiyo alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akashusha nyasi zote uani akazitia kiberiti. Humo ndani ya moto meno yakawa yanapasuka kama bisi. Mama aliingia ndani akajifunika khanga.

Mwezi uliofuata Albina, binti yake Leonsi wa miaka kumi na mmoja, akadondosha gego la utoto. Akalirusha. Jino likabingirika juu ya bati, likarudi miguuni pake. Mara tatu. Baba mtu, na akili zake zote hizo, akamwambia alitupe kwenye tundu la panya chini ya ukuta, kwani si panya ni yule yule? Halikurudi. Mwaka ulipoisha, magego ya utoto yote manane yalikuwa yamekwenda kwenye tundu lile.

Mapengo yakabaki mapengo. Mtoto akawa anameza nyama nzima nzima, anacheka kafunika mdomo, darasani hataki kusoma kwa sauti. Leonsi akampeleka hospitali kwa mbwembwe, akarudi kanywea. Daktari alimuuliza nani kamng'oa mtoto magego madogo, yale yanayokaa kati ya chonge na magego makubwa. Picha ilionyesha hakuna jino linalosubiri ndani ya ufizi. Hakuna kitu.

Mama akaleta panya aliyenaswa mtegoni. Akampanua mdomo kwa kijiti mbele ya Leonsi, akanong'ona.

"Tazama. Mbele ana haya marefu. Nyuma ana ya kusagia. Hapa katikati hana. Hajawahi kuwa nayo."

"Sasa mimi yangu aliyatoa wapi?"

"Kwenye nyasi. Alikuwa anatupatia ya wazee. Wewe umeyachoma. Hana cha kumpa mtoto, na ya mtoto kabaki nayo."

Bwana bati hakucheka. Kesho yake alikuwa juu ya paa, na viatu vyake vya ngozi, anafunga matita ya nyasi kwa waya na kuomba radhi kwa sauti, majirani wamesimama barabarani wanamtazama. Nilimdharau kuliko siku zote. Nyasi mpya hazikuwa na jino hata moja.

Jumatatu nikaenda kufua. Mche wa sabuni ulikuwa dirishani, umeng'atwa. Panya hula sabuni, si ajabu. Nikaugeuza kwenye mwanga. Mbele, alama mbili ndefu. Za panya. Halafu, pale panya asipokuwa na kitu, vijishimo. Viwili kulia. Viwili kushoto. Chini, vile vile. Vilikuwa na upana wa meno ya mtoto.

Nikamwita Albina. Nikampa ule upande mzima wa mche, nikamwambia ang'ate, nifananishe mapengo yake na vile vijishimo. Akarudi nyuma.

"Shangazi, sitaki," akanong'ona. "Tangu alfajiri mdomo wangu una ladha ya sabuni."

Mche ule ninao kabatini hadi leo. Leonsi hajawahi kuomba auone.