Vigae Mia na Kumi

Kwanza ilikuwa chai. Mshonaji aliimimina jikoni ikitoa mvuke, akaipeleka chumbani kwa mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi. Hatua saba tu. Bibi akaionja, akakunja uso. "Mwanangu, mbona imepoa? Hii si ya jana?" Mshonaji hakubisha. Alikuwa amechoka mno kubishana na mtu kuhusu chai.

Uchovu wenyewe usiulize. Mchana cherehani, jioni watoto wawili, na katikati Bibi, aliyeteleza kwenye sakafu ya chumba chake, saruji iliyopasuka, akavunjika nyonga. Miezi minane ya kumgeuza na kumwogesha kitandani. Sasa alikuwa ameanza kusimama, na daktari alishasema: akianguka tena, hainuki. Ndiyo maana ikabidi sakafu ibadilishwe.

Dukani alizunguka mpaka muuzaji akachoka naye. Kapeti la plastiki lilikuwa rahisi, lakini likiingiwa na unyevu linavimba na kumkwaza mtu. Vigae vya kung'aa vilikuwa vizuri, ila vinateleza kama sabuni. Vile vyenye uso wa kukwaruza, futi moja kwa futi moja, ndivyo vilivyofaa, na ndivyo vilivyokuwa ghali kuliko vyote. Akavishika, akavirudisha, akavishika tena. Chumba ni futi kumi kwa kumi: vigae mia, na kumi vya akiba endapo vingine vitavunjika. Pesa yote ya sare za shule alizoshona ikaishia pale.

Fundi waliyemwita Rula, kwa kuwa hakuamini kitu asichokipima, akaanza upande wa ndani. Kesho yake wakahamishia kitanda upande huo, Bibi akiwa juu yake, fundi akaendelea kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Alasiri akamwita mshonaji.

"Dada, vigae vimekwisha."

"Umevunja vingapi?"

"Hata kimoja."

Mshonaji akachungulia. Safu kumi na moja zilikuwa zimepangwa vizuri, na bado saruji tupu ilibaki mbele ya mlango. Fundi akapima ndani: futi kumi na tatu. Akatoka nje akapima ukuta: kumi. Akarudi ndani: kumi na nne.

"Futi kamba haidanganyi," alisema, sauti imeshuka. "Na mimi sinywi, unanijua."

Chumba kilinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa muda huohuo. Fundi alikuwa ameweka nyundo yake ya mpira chini, lakini mlio ule wa nyundo bado ulisikika, ngo, ngo, ngo, chini ya vigae.

"Dada," akanong'ona, "humu ndani ulitamka nini?"

Mshonaji akainamisha kichwa. "Siku moja mama aliniita mara kumi na moja kabla sijamaliza pindo moja. Nikasema laiti angekuwa mbali nami kidogo, nipumue."

"Ulikuwa unamwambia nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Hukuwa peke yako. Jini kakusikia, anakupa ulichoomba. Mtoe mama yako sasa hivi!"

Moyo ulimpasuka mshonaji kwa aibu. Akaingia, na hatua chache za kufika kitandani zikawa ishirini, kisha arobaini, na alipomfikia Bibi na kumbeba mgongoni akageuka akauona mlango mdogo kama dirisha la choo, fundi amesimama pale akisoma dua, naye akaanza kutembea, akakanyaga vigae ambavyo hakuvinunua, safu baada ya safu, na chini ya kila alipokanyaga kikagonga kitu, ngo, kikimfuata unyayo kwa unyayo, harufu ya udongo ikimjaa kooni, na Bibi akimwambia sikioni taratibu, "Niache, mwanangu, umechoka," naye akijibu kila mara, "Sijachoka, mama, sijachoka," mpaka mkono wa fundi ukamdaka na kumvuta nje.

Fundi akafunga mlango, akasoma dua hadi sauti ikamkauka. Ndani kukatulia. Akafungua, akapima: futi kumi kamili. Vigae kumi vilikuwa vimepangwa kando ya ukuta, vikavu, kama vilivyotoka dukani.

"Kaondoka chumbani," alisema, akakusanya vifaa vyake haraka akaenda zake.

Bibi akalazwa kwenye kochi la sebuleni. Mshonaji akajibwaga kwenye kiti cha cherehani, akafumba macho. Chini ya nyayo zake kikagonga kitu, ngo. Binti yake mdogo, aliyekuwa ameegemea goti lake, akaanza kulia.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Siendi popote, mwanangu. Nimekaa hapa."

"Mbona uko kule?"

Mshonaji akafumbua macho, akanyoosha mkono amshike. Akaunyoosha wote, mpaka bega likauma, na mkono haukufika.