Damu ya Don Wilfrido

Taifa zima la Paraguay lisimame wima! Wakala Namba 14, Liborio Cáceres, chui wa mpakani, anaingia vitani.

Aliingia akiwa amekaa. Kiti cha plastiki, kituo cha forodha, Encarnación. Glock kiunoni.

Haikuwa na kazi.

Mbele yake lilisimama lori la Scania lenye chupa elfu sita za chanjo ya surua. Mwenye lori, Don Wilfrido, alikuwa akifyonza tereré, chai baridi ya majani, kwenye pembe la ng'ombe na kutabasamu.

Simu. Mkuu wake.

"Kumi na nne, mwachie."

"Mkuu, yale ni maji matupu!"

"Ana cheti. Kajidunga chanjo hiyo mwenyewe wiki nne zilizopita, kapimwa damu, kingamwili ziko juu ajabu. Wewe una nini?"

Liborio alikuwa na Araceli, mpwa wake wa mwaka mmoja. Alidungwa chanjo ya Wilfrido wiki hizohizo nne. Siku kumi zilizopita mtoto wa jirani alitoka vipele vya surua. Juzi Araceli aliamka na homa, akalazwa hospitali, akatolewa damu.

"Nipe saa moja, Mkuu."

"Dakika kumi."

Akampigia Nimia wa maabara.

"Damu ya mpwa wako haina kingamwili hata chembe," Nimia alisema. "Pole, kaka."

"Na ya Wilfrido?"

"Zimejaa. Ila ni zile za kudumu. Zile za mwanzo, za mwili unaokutana na ugonjwa mara ya kwanza, hana. Mwili wake unaijua surua siku nyingi."

"Kwa hiyo tumemnasa!"

"Taratibu. Kingamwili nyingi zinasema mwili ulikutana na adui. Hazisemi kama ni kwenye sindano au kwenye ugonjwa wa zamani."

Akampigia tena Mkuu, akaeleza yote.

"Cheti kinasema hajawahi kuugua surua," Mkuu alijibu. "Na mtoto mmoja si ushahidi. Wapo ambao chanjo haiwashiki. Zimebaki dakika mbili."

Liborio alitazama bastola yake. Angempiga nani? Homa?

Ndipo alipoingia Ña Petrona, mamake Wilfrido, na kikapu cha chipa, vimkate vya jibini, za moto.

"Wili, hujala tangu asubuhi!"

"Shikamoo, mama," Liborio alisema, simu mkononi. "Huyu aliwahi kuugua surua?"

"Uuu! Mtoto wa dada yangu alipougua, niliwalaza wanangu wote saba naye kitanda kimoja, waugue pamoja tupumzike. Si ndivyo tulivyofanya sote? Huyu ndiye aliyelia kuliko wote."

"Mama, nyamaza!"

"Ulilia, bwana! Hadi mbuzi wakakimbia!"

Simu ilikohoa.

"Kumi na nne," Mkuu alisema. "Funga lori."

Pingu zikalia. Liborio akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akaondoka polepole, shujaa asiyetikisika.

Haya, msimulizi nimekamatwa nikitia chumvi. Mamake Araceli amesoma hapa, naye alikuwapo hospitali. Liborio hakuwa na miwani. Alikimbia. Alikimbia hadi hospitali, bastola ikimgonga paja, akakuta vipele vimeshashuka shingoni mwa mtoto.

"Nifanye nini, dada?" alimuuliza nesi.

"Mbebe."

"Halafu?"

"Mbebe tu, kaka."

Akambeba.