Maharagi Yaliyokosa Jua

Kanyere alikuwa na virusi kwenye mlango wa uzazi, na mume wake Kakule alimrudisha kwao.

Kituo cha afya cha mtaa walikoishi, Bulengera, mjini Butembo, kilikuwa kinapima wanawake wenye miaka thelathini na kuendelea. Kanyere aliuza maharagi sokoni. Hakuwa na maumivu, hakuwa na damu. Alienda kwa sababu wenzake wa sokoni walienda. Akaambiwa ana virusi vinavyoitwa HPV, arudi aangaliwe vizuri.

Jioni, akimpakulia Kakule bugali, alimweleza yote. Kakule aliuliza jambo moja tu: virusi hivyo vinapitia wapi? Kanyere akajibu kama alivyoambiwa, kwamba vinapita watu wanapolala pamoja.

Kakule akasukuma sahani. "Iyo virusi haukuiokota mu maharagi," alisema. "Rudia kwenu."

Kwao ni Musienene, kwa baba yake, mzee Maliro. Huko juu ukungu unaingia uani bila kubisha hodi, unakaa mpaka uchoke wenyewe. Kanyere alikaa ndani ya ukungu huo. Hakurudi kuangaliwa. Alijua hakuwahi kuwa na mwanaume mwingine tangu aolewe. Lakini mawazo yalianza kumchezea: pengine mwili wake unajua jambo asilolijua yeye. Alilala hata mchana. Kila alipofumba macho alimwona marehemu mama yake ameinamia turubai la maharagi, anayageuza kwa viganja, polepole, bila neno. Jua la ndoto ile halikuzama.

Jumapili baada ya misa alikuja Emérence, binti wa shangazi yake, muuguzi wa pale Musienene. Hakumpa pole. Aliomba chai kwanza. Kanyere alianza kumsimulia ndoto, na ugonjwa ukafuata nyuma yake.

"Mama anakukumbusha kazi yako," Emérence alisema. "Mududu ya maharagi inaingilia wapi?"

"Mu shamba."

"Unaionaka?"

"Hapana. Haragi inakuwa muzuri inje, mududu inalala mule ndani. Ukikawia kuanika, inatoboa gunia yote."

"Na ukianika mapema?"

"Mududu inakufia mule ndani, gunia inapona."

Basi Emérence akamweleza. Virusi si kansa, na HPV si sida, yaani UKIMWI. Wanawake wengi huvipata, na mara nyingi mwili unavifukuza wenyewe. Kwa wachache vinabaki, na miaka mingi baadaye vinaweza kuharibu mlango wa uzazi mpaka kansa ikatokea. Mwanzoni haviumi, ndiyo maana watu wanapimwa wakiwa wazima. Mwanamke akitoka damu isiyo ya mwezi, au damu baada ya kulala na mume, au maji yenye harufu mbaya, asingoje siku ya kupima watu wote. Aende kituoni mara moja.

"Na mimi mwenye sikujua mwanaume mwingine, niliipata wapi?" Kanyere aliuliza.

"Karibu kila mutu mwenye analalaka na mutu anaipata siku moja, mwanaume na mwanamuke. Inaweza kulala mu mwili miaka na miaka. Hakuna munganga mwenye atasema ilitoka kwa nani. Pengine Kakule alikuya nayo siku ya ndoa, naye hajui."

Asubuhi Kanyere alimfuata kituoni. Emérence alipaka siki kwenye mlango wa uzazi ili palipoanza kuharibika paonekane. Sehemu ndogo ikageuka nyeupe. Haikuwa kansa, ilikuwa mahali ambapo kansa ingeweza kuanzia. Akapachoma kwa kifaa chenye joto. Kanyere alisikia maumivu kidogo ya tumbo, kama ya hedhi, yakapita. Aliambiwa apumzike na mambo ya mume kwa mwezi mmoja, na arudi kupimwa baada ya mwaka.

"Kwa ile mwezi moja," mzee Maliro alisema, "Kakule alishatusaidia."

Usiku ule Kanyere alilala bila ndoto.

Kakule alifika siku ya soko. Mkononi alishika maharagi, kila moja lina matundu. Kule Bulengera hakuna aliyeanika magunia matatu aliyoyaacha Kanyere. Alitaka kuuliza dawa ya wadudu, lakini alipomwona mke wake amesimama kwenye ukungu, akakumbuka neno alilomfukuzia.

Mzee Maliro alimkalisha, akamwita Emérence, naye akarudia yote kuanzia mwanzo. Kakule alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mwisho aliuliza juu ya binti yao Shekinah, mwenye miaka kumi na moja.

"Kuko chanjo ya batoto wanawake, mbele hawajajua mwanaume," Emérence alimjibu. "Uliza kituoni kwenu kama imefika. Na akifikisha miaka makumi tatu, naye apimwe."

Kakule akamgeukia mke wake. "Nilisema mubaya, mama Shekinah. Turudie."

Lakini kwao Musienene, mwanaume aliyemfukuza mke bila kosa hamchukui mikono mitupu.

Ugonjwa ulimgharimu Kanyere asubuhi moja na siki kidogo. Neno la Kakule lilimgharimu yeye mwenyewe mbuzi mmoja, vidumu viwili vya pombe ya ndizi, kasiksi, na magunia matatu ya maharagi yaliyogeuka unga.