Sarafu ya Kilwa Iliyong'aa

Sarafu ya Kilwa ilikuwa mahali pake, ndani ya kabati la kioo, inang'aa kuliko kikuku cha bi harusi. Ndicho kisa cha kuitwa polisi.

"Hii ni ya bandia," alisema Adrien Murhula, Mkongo wa Bukavu, mhifadhi wa sarafu katika makumbusho moja ya Sydney. Barakoa ilimshuka puani kwa hasira. "Yetu ni shaba iliyoota kutu ya kijani, ya miaka mia saba. Mwizi ameibadilisha."

Ilikuwa Agosti 2021, mji umefungwa kwa korona, wageni hakuna. Inspekta Chebet, Mkenya wa polisi wa Sydney, alikagua kufuli. Halikuvunjwa. Kwenye daftari la funguo kulikuwa na sahihi moja tu, ya mlinzi Mwangi. Akakamatwa.

"Funguo ulizichukua wewe?"

"Mimi."

"Nani mwingine alizishika?"

"Hakuna, afande."

"Ukipatikana na hatia, viza kwisha. Unarudishwa Nairobi."

"Najua."

Mwizi gani huyu, hata kujitetea hataki? Chebet hakuridhika.

Kesho yake maabara ikajibu: uzito uleule, pengo lilelile ukingoni kama kwenye picha za zamani. Juu yake, mabaki ya asidi ya tunda. Sarafu haikubadilishwa. Ilisuguliwa.

Chebet alicheka peke yake garini. Alipopanga chumba Mombasa, mama mwenye nyumba alikuwa akisugua sinia za shaba kwa ukwaju kila Idi ikikaribia. Na makumbusho yalikuwa na msafishaji mmoja wa pwani, Bi Saleha wa Kilwa, aliyekuwa karantini kwake, kitongoji cha Lidcombe, tangu juzi.

Walizungumza mlangoni, kila mtu na barakoa yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina korona, usisogee."

"Ile sarafu ya Kilwa uliisugua wewe?"

"Ndiyo. Kwani haikupendeza?"

"Kwa nini, mama?"

"Tuliambiwa tupanguse makabati ndani na nje. Mwangi akanipa funguo. Nikaona za Warumi zinawaka, ya kwetu imechakaa kama kizibo cha soda. Jina la sultani wetu liko pale, halisomeki. Niliona aibu. Wewe mgeni utamwekea chombo kichafu?"

"Ule uchafu ndio ulioonyesha umri wake. Sasa Mwangi yuko mahabusu kwa wizi."

"Nipigie niseme naye," akasema Bi Saleha.

Chebet akapiga kituoni, akaweka spika.

"Mwanangu, mbona hukuwaambia ni mimi?"

"Wangekufukuza kazi, mama."

"Na wewe wangekurudisha kwenu."

"Kwetu nina mama wa kunipokea. Wewe hapa una nani?"

Bi Saleha alilia bila kuona haya. Chebet naye macho yalimjaa machozi. Akamwamuru askari wa zamu amfungulie Mwangi, kisha akampigia Murhula, akamweleza habari ya ukwaju.

Murhula alifoka robo saa nzima. Alipochoka, akauliza taratibu, "Hilo jina la sultani, sasa linasomeka?"

"Lote."

"Basi mwambie akipona arudi kazini. Ukwaju auache kwake."