Harufu Nyuma ya Kontuari

JUMATATU, ASUBUHI

Lambert alichora mpango kwa chaki kwenye sakafu ya chumba cha nyuma. Kontuari, yaani duka la kununulia almasi, hapa. Mlango wake wa nyuma hapa. Kichochoro hapa. Gari lingesubiri kichochoroni, injini ikiwaka.

"Juu ya nini tusizime?" aliuliza Moïse, mtu wa bunduki.

"Ile moteur ikipata moto, ukiizima, haiwake tena mbio," alijibu Asumani.

Asumani alikuwa fundi wao. Injini ile aliijenga yeye, ndani ya gari la mashindano lililotoka Uganda likiwa limebondeka. Barabarani lilikuwa shetani. Likisimama, lilikuwa choo. Kwenye ralanti, yaani injini ikiunguruma bila gari kwenda, vali zake zilibaki wazi pamoja kidogo, na petroli mbichi ikapita moja kwa moja hadi kwenye ekzosi. Ukisimama nyuma yake, machozi yalikutoka.

"Kule Bengamisa sentinelle alitoka juu ya nini?" Lambert aliuliza.

Wote walijua. Mlinzi alitoka kufuata harufu, na wao wakarudi Kisangani mikono mitupu.

"Bon. Kichochoro iko na bamama benye kuuzisha lituma ya ndizi. Harufu ikibapiga, batalalamika. Asumani, siku ya tano, Ijumaa, gari isinuke. Isiponuka, parcelle inarudia mama yako. Ikinuka, mama anatoka."

Kiwanja hicho cha Kabondo kilikuwa cha baba yake Asumani. Lambert alikitwaa kwa nguvu hata arobaini ya mzee haijafika. Mama alibaki akilala mle kwa huruma ya jambazi, na Asumani akawa fundi wa majambazi. Hakukuwa na mshahara mwingine.

JUMATANO

Asumani alikaza skrubu za kabureta robo mzunguko. Harufu ikapungua, injini ikaanza kukohoa. Akalegeza. Injini ikatulia, uvundo ukarudi. Akapandisha ralanti. Kelele za mashine ya kusaga. Akaishusha. Ikazima.

Alirusha spana ukutani.

"Nusa," alimwambia Moïse.

Moïse alichuchumaa nyuma ya ekzosi, macho mekundu. "Inanuka."

"Sana?"

"Nusa weye mwenyewe. Miye nimechoka."

Aliichukia injini hiyo. Alimchukia Lambert zaidi, lakini Lambert hakuwa na skrubu. Akaokota spana, akaanza upya. Plagi mpya zote. Cheche akaiwahisha kidogo. Ralanti akaipandisha kidogo tu, kisha akarudi kwenye kabureta, kidogo kidogo, akisikiliza, akifuta jasho, akitukana kwa Kiswahili, kwa Lingala, kwa Kifaransa.

Jua likiwa limeinama, Moïse alinusa tena. Akakaa chini palepale nyuma ya gari, miguu ameinyoosha.

"Alors? Haiko inanuka."

Asumani alicheka peke yake. Kisha akamshika mkono Djuma, dereva.

"Nimeipima na essence ya station, petroli safi. Usiiwekee ingine."

"Nasikia, grand."

IJUMAA, SAA NNE ASUBUHI

Lambert na Moïse waliingia kontuarini kwa mlango wa mbele. Djuma alikuwa kwenye usukani kichochoroni. Asumani alikaa kando yake na boksi la vifaa miguuni. Injini ilinguruma taratibu. Wanawake wa lituma walitwanga ndizi zao bila kugeuka.

Halafu Asumani akainua pua. Haikuwa harufu ile ya zamani. Hii ilikuwa harufu ya taa ya mafuta, ya chumba kilichofungwa. Moshi mweupe ukaanza kutambaa ukutani. Ralanti ikayumba.

"Djuma. Essence ulitoa wapi?"

Djuma alitazama kioo. "Kwa beau-frère."

Shemeji yake alikuwa kadhafi, kama mji mzima unavyowaita wauzaji wa petroli ya chupa. Meza yake ilikuwa barabarani, na kila mtu wa kazi hiyo alijua kwamba petroli yake ilichanganywa na mafuta ya taa.

"Nilikuambia!"

"Nipite mbele ya meza yake na tanki mutupu? Bibi yangu ni dada yake! Nitasema nini ku nyumba?"

Asumani alitaka kulia. Siku tatu za kukaza na kulegeza, zote kwa ajili ya heshima ya ukweni. Alitoka, akafungua boneti, akajaribu kupandisha ralanti kwa mkono.

"Eh, papa!" mwanamke mmoja alifoka, kitambaa puani. "Moshi yenu iko inaingia mu chakula! Toeni gari!"

Wengine wakainuka. Mlinzi wa kontuari akachungulia juu ya ukuta, akamwona mtu aliyeinama kwenye injini ya gari lisilo na namba. Akapuliza filimbi.

Mlango wa nyuma ukafunguka kwa kishindo. Lambert alitoka na mfuko, Moïse nyuma yake. Djuma alikanyaga mafuta. Injini ikakohoa mara mbili, ikafa.

Djuma alifungua mlango, akakimbia. Moïse alitupa bunduki mtaroni, akakimbilia upande wa mto.

Lambert hakukimbia. Mwisho wa kichochoro palikuwa na toleka, kijana na baiskeli yake ya abiria. Lambert akaruka nyuma, mfuko mapajani. Asumani alimfikia, akashika keria.

"Parcelle, Lambert!"

"Parcelle gani? Niliiuzisha mwezi yenye ilipita. Petit, pédale, twende!"

Baiskeli iliondoka. Asumani alibaki na mikono yenye oili, hewani. Angeweza kukimbia yeye pia. Njia ilikuwa wazi.

"Mwizi!" alipiga kelele. "Mwizi! Ule wa mufuko!"

Kijana wa toleka aligeuka, akaona mfuko, akaruka kutoka kwenye baiskeli yake mwenyewe. Lambert alianguka nayo. Wanawake walimfikia kabla ya askari, na michi bado ilikuwa mikononi mwao.

Asumani alirudi kwenye gari, akaketi juu ya madigadi ya moto. Askari walipomwuliza yeye ni nani, alisema kweli: fundi wa wale wezi. Wakamfunga kamba.

Huko Kabondo, saa ile, mama yake alikuwa anafagia ua wa nyumba iliyokwishauzwa.